Harufu Niliyoianika Juani

Kosa langu la kwanza la ukulima nililifanya kwa ustadi mkubwa. Nilichukua samadi ya mwaka mzima, samadi ambayo shangazi yangu aliilinda kama mtu anavyolinda moto siku ya upepo, nikaitandaza juani kwa siku tatu mpaka ikaacha kunuka. Niliipondaponda, nikaichambua, nikaisawazisha kwa ubao, nikaipigia mistari. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja, na niliamini kwamba nimeisafisha.

Nimelikumbuka wiki iliyopita nilipofungua mlango wa banda la mbuzi la jirani yangu, lililokuwa limefungwa tangu jioni. Ile harufu kali ilinipiga puani na machoni kwa pamoja, ikashuka hadi kooni, ikanirudisha hatua moja nyuma. Jirani aliona haya. "Samahani, bwana, hapa pananuka," akasema. Nilibaki mlangoni machozi yakinitoka, naye akadhani ni harufu tu.

Niseme mapema kwamba aya hizo mbili nimezifuta na kuziandika mara nne. Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa. Darasani, doa moja la wino lilinifanya nichane ukurasa mzima na kuanza upya, mpaka mwalimu akanionya kwamba daftari langu litakwisha kabla ya muhula. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa nyoka. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kosa ninalolisimulia lilitokana na uvivu au utundu. Lilitokana na kutaka kila kitu kiwe sawasawa.

Tuliishi upande wa Titye, mimi na shangazi. Nilimwita Masenge, ndivyo sisi Waha tunavyomwita dada wa baba. Baba na mama walikuwa wamekwenda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, wakaniacha kwake kwa muda, na ule muda ukawa unaongezeka kila mwaka. Masenge alikuwa mjane. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Kasulu mjini. Masenge mwenyewe hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, na kwa hilo mimi, mwenye madaftari yangu yasiyo na doa, nilijiona nimempita. Hilo nalo naliungama.

Wewe uliyekua miaka ile unakumbuka watu walivyohamia vijijini. Kwetu nyumba zilipangwa mistari miwili kando ya barabara, mlango ukitazama mlango. Mimi niliipenda ile mistari. Masenge aliiona tu. Kwake kule mlimani alikuwa ameacha migomba iliyozunguka nyumba, na chini yake udongo mweusi uliolishwa kwa miaka maganda, majivu kidogo na vinyesi vya mbuzi. Huku kijijini alipewa shamba la mteremko, udongo mwekundu uliokwisha kuchoka, ambao hata nyasi zake zilionekana kama zinajuta kuota.

Msimu wa kwanza mahindi yetu yalifika kifuani mwangu, yakawa ya njano, yakatoa vibunzi vya ukubwa wa kidole gumba. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kukagua. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, akazunguka shamba akiwa na mikono nyuma, kisha akasema:

"Mama, shamba hili kwa mtu mmoja ni kubwa. Msimu ujao nikilikuta hivi tena, tutaliunganisha na shamba la kijiji. Wewe utakwenda kile kijiji cha Kitanga kwa shemeji yako, akutunze."

"Na mtoto?" Masenge aliuliza.

"Mtoto ana baba yake."

Masenge alijibu, "Nimesikia, Mwenyekiti," kisha akaenda kuwatazama mbuzi wake. Mimi nilibaki pale pale. Sura ya baba ilikuwa imeanza kunipotea, ya mama nilikuwa naikumbuka kwa shida, na Tanga kwangu ilikuwa jina la mahali watu wanapokwenda wasirudi. Usiku ule nilikojoa kitandani, kwa umri wangu ule. Masenge aliutoa mkeka nje bila kuniuliza.

Mbuzi walikuwa watano, na ndio waliokuwa na jibu la Masenge. Kila jioni aliwatandikia majani makavu ya migomba, mengi, kana kwamba wao ndio watu na sisi ndio mbuzi. Nilimuuliza kwa nini tunawatandikia wanyama kitanda.

"Si kitanda," alisema. "Ni cha kunywea. Mkojo ukishuka chini umekwenda. Majani yakiunywa, tunao."

Kila baada ya siku chache aliyatoa yale matandiko yaliyolowa, akayapeleka kwenye shimo alilolichimba kivulini nyuma ya nyumba. Aliyakanyaga kwa miguu, akayafunika udongo, juu akaweka magunia aliyopewa na mwenye duka mmoja wa Kasulu, na kiangazi alipokosa maji ya kutosha alimwagia juu yake maji aliyooshea vyombo. Shimo lile lilikuwa na mpangilio kuliko jiko letu. Ukipita karibu hukusikia kitu. Lakini siku akifunua, jamani! Ilikuwa kama umechomwa sindano puani.

Na hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Kabla ya masomo nilikuwa nabeba kikapu cha yale matandiko kichwani. Nilinawa, nilijisugua kwa mchanga, nilijipaka mafuta, lakini harufu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye kaptula ya kaki. Jumatatu mwalimu alikagua kucha na kola. Akifika kwangu alisita kidogo, akapita. Kule kusita kwake kulinitosha kwa wiki nzima. Wenzangu hawakusita. Filipo, tuliyekaa naye dawati moja, alivuta hewa kwa nguvu akaita, "Mee!" na darasa zima likaitikia, "Mee!"

Sikumwambia Masenge. Nilichofanya ni kumchunguza, na kila nilichokiona nilikielewa kinyume.

Alitoa samadi alfajiri tu, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Nikasema moyoni: anaona haya, hataki watu wamwone. Alifunika kikapu kwa majani mabichi ya mgomba. Nikasema: anaficha. Alikuwa na bustani ndogo ya mchicha na maboga, na pale alifanya kazi kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alichimba kishimo, akamimina konzi mbili za samadi, akavuta udongo juu yake kwa jembe, akakanyaga, ndipo akaenda kishimo cha pili. Hakuwahi kuacha kishimo wazi hata kwa muda wa kukohoa.

Sasa kwa Muha salamu si jambo dogo. Mnapiga makofi taratibu, mnashikana mikono, mnaulizana habari za nyumba, watoto, mifugo na mvua, na asiyejibu salamu anahesabiwa kuwa na jambo moyoni. Asubuhi moja jirani yetu Mzee Bukuru, mtu mwenye maneno mengi na fimbo ndefu, alipita njiani akaita:

"Mwakeye, mama!"

Masenge hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika konzi ya samadi. Aliimimina, akavuta udongo, akakanyaga.

"Yoo!" Mzee Bukuru alisema. "Leo nimesalimia kisiki."

Masenge akachimba kishimo kingine. Kikapu kilipokwisha aliweka jembe chini, akajifuta viganja kwenye kanga kuukuu, akashuka mpaka njiani, akapiga makofi, akamsalimia mzee yule kwa ukamilifu wote, yeye, mkewe, watoto wake mmoja mmoja kwa majina, hata na jogoo wake.

"Sasa mbona hukuniitikia mara ya kwanza?"

"Ilikuwa wazi."

"Nini kilikuwa wazi?"

"Samadi."

"Kwani itakimbia?"

"Itakimbia," alisema Masenge.

Mzee Bukuru alicheka mpaka akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Ina miguu mingapi, hiyo yako? Yangu imelala nyuma ya nyumba tangu mwaka jana, haijawahi hata kuja kuniomba maji."

Nami nilicheka, lakini kwa uchungu. Niliona shangazi yangu anatania ili kuficha aibu. Kwa akili yangu, alikuwa anaizika samadi haraka kama watu wanavyofukia kitu kibaya, majirani wasikisikie. Sikujua kwamba lile jibu lilikuwa la kweli neno kwa neno. Samadi ilikuwa inakimbia kweli, na yeye alikuwa anaikimbiza.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, shimo lilikuwa limejaa. Masenge aliniambia mpango wake tukiwa tunakula: mvua ya kwanza ikidondoka tu, tutatoa samadi yote, tutaiweka kwenye mashimo ya mahindi shamba zima. "Mwenyekiti atakuja," alisema, "na atakuta mahindi yanayomzidi kimo." Alisema kwa utulivu, lakini nilimwona anapiga hesabu kwa macho, anautazama mteremko kipande kwa kipande.

Wiki hiyo ikaja habari kwamba binti yake kule Kasulu amejifungua. Masenge alifunga mzigo mdogo, akaniagiza mambo ya mbuzi, maji na kuni. La mwisho alilisema akiwa tayari yuko njiani, akiniita mwanawe kwa Kiha:

"Shimo usilifunue, mwana wanje. Mpaka nirudi."

Nataka kusema nilisahau. Sikusahau. Nililala nalo lile agizo, nikaamka nalo, na asubuhi nikawa nimekwisha kujishawishi kwamba alisema vile kwa sababu hakutaka nichoke. Mimi ningemshangaza. Angerudi akute samadi safi, isiyonuka, tayari kwa shamba, na tungeibeba mchana kweupe kama watu wengine, tukisalimia kila anayepita. Na pengine darasa lingeacha kulia kama mbuzi.

Nililifunua. Macho yaliwaka. Nikaitoa yote, vikapu nisivyoweza kuvihesabu, nikaimwaga uwanjani nyuma ya nyumba mahali penye jua na upepo, ule upepo mkavu wa mwisho wa kiangazi unaopasua midomo. Nikaitandaza nyembamba, unene wa kidole. Halafu nikakumbuka kwamba shuleni tulifundishwa kumwaga majivu chooni ili kukata harufu. Nikakusanya majivu yote ya jikoni, nikakopa mengine kwa majirani, nikayanyunyiza na kuchanganya.

Saa ile ile harufu ilipanda kama iliyotukanwa. Nililia, nilikohoa, nilijifunga kitambaa puani. Sikuogopa. Niliwaza: inatoka, inatoka yote. Na kweli ilikuwa inatoka yote.

Siku ya pili ilikuwa imepungua. Siku ya tatu niliinama nikaishika, nikainusa karibu kabisa, na ilinukia kama vumbi la barabarani. Ilikuwa nyepesi, kavu, rangi ya kijivu. Nikaipondaponda, nikaisawazisha kwa ubao wa mlango wa zamani, nikaipigia mistari kwa kijiti, mistari iliyonyooka kama ya daftari. Filipo alipita akasimama.

"Leo kwenu hakunuki," alisema kwa mshangao.

Sijui kama nimewahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama maneno yale.

Masenge alirudi alasiri ya siku ya nne, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nilimkimbilia, nikampokea mzigo, nikamwongoza nyuma ya nyumba nikiwa nimemshika kidole. Alipofika alisimama. Alichuchumaa, akachukua konzi, akaileta puani. Akavuta hewa. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mtu ndani ya nyumba asiitikiwe.

"Imekwenda wapi?" aliniuliza.

"Nini, Masenge?"

"Nguvu yake."

"Nimeisafisha. Hainuki tena."

Nilitegemea kofi, na nakwambia kweli, kofi lingenisaidia. Badala yake alikaa chini pale pale kwenye samadi yangu yenye mistari, miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta nyumba haipo.

"Ile harufu," alisema mwishowe, "ndiyo niliyokuwa naitunza mwaka mzima. Kilichoingia puani mwako siku hizi tatu, na puani mwa Filipo, na kikaenda na upepo, ndicho kilichokuwa kiingie kwenye mahindi. Jua linakitoa. Upepo unakibeba. Majivu ndiyo yanakifukuza kabisa."

"Lakini chooni..."

"Chooni hatulimi."

Kisha alifungua mzigo wake akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kipande cha sabuni ya kunukia. Alikinunua kwa yule mwenye duka wa Kasulu. "Nilijua wanakucheka shuleni," alisema. "Unafua kaptula hiyo hiyo kila siku, unadhani sioni?"

Nimeandika mengi mpaka hapa bila shida, lakini hapo hunishinda kila ninapofika. Aliijua aibu yangu. Alikuwa ametembea nayo hadi Kasulu na kurudi nayo ikiwa na dawa yake. Mimi ndiye sikuijua kazi yake, niliyeiona kila alfajiri.

Jua lilipozama aliinuka, akajipangusa. Niliuliza kama imekufa yote. "Haikufa yote," alisema. "Imebaki mifupa. Mifupa nayo ina kazi, ila si ya kuharakisha mahindi." Akawaza kidogo. "Mzee Bukuru alisema yake imelala nyuma ya nyumba tangu mwaka jana."

"Si nayo imepigwa jua?"

"Juu. Lakini ni lundo kubwa na hakuna aliyelichokonoa. Kesho utakwenda kuomba."

"Mimi?"

"Aliyeimwaga ni nani?"

Nilikwenda. Nilimsalimia Mzee Bukuru kwa makofi yote na maswali yote, nikarefusha habari za jogoo makusudi ili nisifike kwenye neno lenyewe. Aliniacha nizunguke, kisha akasema, "Mjukuu wangu, jogoo ni mzima, sema sasa." Nikasema. Nilimweleza kila kitu, majivu, ubao, mistari. Nilipofika kwenye mistari alianza kutetemeka mabega, nikajua anacheka, lakini hakunicheka kwa sauti.

"Kwa hiyo ilikimbia kweli?"

"Ilikimbia, Babu."

"Na mimi niliuliza ina miguu mingapi." Alisugua kidevu. "Chukueni. Ila nami mtanionyesha hayo mambo ya kuizika."

Masenge alilipasua lile lundo kwa jembe kama mtu anayepasua mkate. Juu lilikuwa jeupe, kavu, kama samadi yangu. Chini ya ganda, kiasi cha mkono kwenda chini, lilikuwa jeusi, lina unyevu na joto, na harufu ikatoka ikatupiga sote watatu. Mzee Bukuru alirudi nyuma akilaani. Masenge alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Funika," aliniambia, "funika haraka!" Nikarusha majani mabichi ya mgomba juu yake kana kwamba nafunika mtoto anayenyeshewa.

Mvua ya kwanza ilikuja baada ya siku chache. Alfajiri iliyofuata tulikuwa shambani, udongo bado unatoa pumzi. Samadi ya Mzee Bukuru haikutosha shamba lote, ilitosha nusu ya chini. Nusu ya juu tuliweka ile ya kwangu, ile mifupa. Masenge alichimba, mimi nikamimina na kufukia. Mwanzoni nilipanga mashimo yangu kwa kamba, nikirudi nyuma kutazama kama yamenyooka.

"Usipendeze," alinikemea. "Wahi. Iliyopinda na imefukiwa ni bora kuliko iliyonyooka na iko wazi."

Hakuna kazi iliyowahi kuniuma kama ile ya kuacha mstari uliopinda nyuma yangu bila kuurudia. Mikono ilikuwa inataka kurudi. Lakini nilifukia, nikakanyaga, nikaenda mbele. Jua lilipoanza kuchomoza tuliacha na kuvifunika vikapu, tukangoja alfajiri nyingine. Siku ya pili yake Mzee Bukuru alikuja kutazama alivyoahidiwa.

"Mwakeye, mjukuu wangu!"

Nilikuwa nimeshika konzi mkononi. Niliimimina. Nikavuta udongo. Nikakanyaga. Ndipo nikainuka nikapiga makofi kumwitikia.

"Mawe!" mzee alishangaa kwa Kiha. "Sasa visiki vimekuwa viwili." Masenge, akiwa ameinama pale juu, alicheka kwa sauti. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo kabla ya siku ile.

Mahindi yalipofika magotini mstari ulijitokeza. Sikuuchora mimi, na ulikuwa umenyooka kuliko wowote niliowahi kuuchora. Chini yake majani yalikuwa mapana, ya kijani kinachoelekea weusi, yanapigana vikumbo na upepo. Juu yake yalikuwa membamba, yamepauka, yanasimama kama wageni. Kila asubuhi nikienda shule nilipita kando ya ule mstari. Filipo alikuwa amechoka kulia kama mbuzi, au pengine sabuni ilisaidia. Lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa nahesabu wiki za kufika kwa Mwenyekiti.

Alifika mahindi yakiwa yameanza kubeba. Alizunguka akiwa na mikono nyuma kama mwanzo. Chini, mahindi yalimmeza, tukawa tunaona kofia yake tu ikipita. Alipotokea juu, yakamfika kiunoni. Alisimama kwenye ule mstari, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

"Mama, hapa kuna mambo gani? Mbegu mbili?"

Masenge alinigeukia mimi. Ningeweza kusema ni mteremko, ni maji, ni mchwa. Nikasema, "Huku chini samadi ilizikwa ikiwa na nguvu. Huku juu ni yangu. Niliianika juani ikatoka harufu, na harufu ndiyo ilikuwa chakula. Masenge hakuwepo. Shamba lote lingekuwa kama la chini."

Mwenyekiti alimtazama Masenge, akatazama tena mahindi. Alikuwa na kamati inayomngoja, na shamba la kijiji liko pale pale juu, linapakana na nusu yangu. Mwisho alitoa uamuzi ambao hadi leo sijui niuite wa haki au wa huruma: nusu ya chini ibaki kwa Masenge, isiguswe na mtu. Nusu ya juu iingie kwenye shamba la kijiji.

"Na mtoto?" Masenge aliuliza, kama alivyouliza mwaka uliopita.

"Mtoto abaki akusaidie kufukia samadi," alisema, akaondoka.

Kwa hiyo sikwenda Tanga. Nilikulia pale, kwenye nusu shamba. Nusu ile tuliyoipoteza niliipoteza mimi, na Masenge hakunikumbusha hata mara moja. Hiyo ndiyo sehemu ninayoistaajabia kuliko ujuzi wake wote. Kila msimu alipita kwenye mpaka ule mpya na jembe begani, akaupita kama mtu anayepita kando ya mti. Nusu iliyobaki aliilisha vizuri kiasi kwamba baada ya misimu michache ilitupa karibu kile ambacho lote lingetupa. Mzee Bukuru alichimba shimo lake, kivulini, akalifunika. Wengine wakafuata, wakawa wanasema ni ujuzi wa Mzee Bukuru. Masenge hakuwasahihisha.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa kusoma chochote kilichopita mikononi mwangu, na siku moja, nikiwa kijana, nilipata kijitabu cha kilimo kilichochanika jalada. Ndani yake nikakuta maneno niliyoyajua kabla ya kuyasoma: kwamba katika samadi na mkojo wa mifugo hutoka hewa kali iitwayo amonia, kwamba jua, upepo na majivu huiharakisha, na kwamba unyevu, kivuli na kufukia mapema huizuia. Nilikimbia nacho mpaka kwa Masenge. Nilimsomea mara mbili, polepole, nikimtazama usoni.

"Kumbe ina jina," alisema.

"Ina jina, Masenge. Amonia."

Alilirudia mdomoni kama anayeonja chumvi. "Na huyo aliyeandika, anasema afukie lini?"

"Papo hapo. Ikichelewa sana, siku ile ile."

"Ajitahidi iwe papo hapo," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Hayupo tena. Shamba ninalolima sasa ni langu, na bado ni mtu wa wasiwasi, bado naogopa kukosea. Lakini tangu wakati ule jambo moja limebadilika: samadi yangu hailali wazi. Naitoa alfajiri, naifukia papo hapo, mstari ukipinda naacha upinde, na anayenisalimia nikiwa na konzi mkononi hungoja kidogo.